John Stewart Bell: Mwanafizikia Aliyeyapima Maneno

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, historia ya sayansi imejaa watu walioonywa wasiulize. Mmojawao ni John Stewart Bell, mwana wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Bell aliuliza swali ambalo wakuu wa fizikia waliliona limekwisha kujibiwa, akalifufua kwa kurasa chache za hesabu, na kwa kufanya hivyo akawaachia walimwengu kipimo cha kwanza cha kulitambua jambo linaloitwa mfungamano wa kwanta.

Huenda msomaji akajiuliza maisha ya mwanafizikia yanatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya Bell ilikuwa ni kushindana na lugha. Hoja aliyotaka kuichunguza ilikuwa imeandikwa katika lugha asiyoweza kuisoma. Maneno yaliyotumiwa na walimu wake yalificha mambo badala ya kuyafafanua. Na jambo lenyewe alilolishughulikia lilipewa jina ambalo kila lugha imelazimika kulitafutia mahali pake.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1935 na Erwin Schrödinger, mwanafizikia wa Austria. Alieleza kuwa chembe mbili zikikutana kisha zikaachana, huenda zikabaki katika hali ambayo haiwezekani kuieleza moja bila kuitaja nyingine, hata kama zimetengana kwa umbali mkubwa. Kwa Kijerumani alichagua neno linalotumika kwa mikono iliyopishanishwa kifuani. Kwa Kiingereza akachagua neno linaloleta picha ya nyuzi zilizotatana. Mtu aliyelelewa kando ya Ghuba ya Winam angeweza kuvutwa na picha hiyo ya pili, kwa kuwa ameona nyavu zilizotatizwa na gugumaji. Lakini mvuvi wa Dunga hukaa asubuhi akazitatua nyavu zake, na kila uzi ukarudi kuwa uzi peke yake. Chembe za Schrödinger haziko hivyo. Mtu anaweza kujua yote yanayoweza kujulikana kuhusu jozi nzima, na bado asiwe na la hakika la kusema kuhusu chembe moja pekee. Kwa sababu hiyo neno mfungamano linafaa zaidi, nalo ndilo litakalotumika katika makala haya.

Malezi na Elimu

Bell alizaliwa tarehe 28 Julai 1928 katika familia ya kipato kidogo. Baba yake alifanya kazi za namna nyingi, ikiwamo biashara ya farasi. Mama yake, Annie, aliamini kwamba elimu ndiyo njia ya kuwatoa wanawe katika maisha ya kuhangaika. Watoto walikuwa wanne, na nyumbani mtoto huyu aliitwa Stewart. Siku hizo watoto wengi wa tabaka lake waliacha shule wakiwa na miaka 14 wakaanza kazi. Katika nyumba ile ni yeye aliyebaki shuleni, na alisomeshwa katika shule ya upili ya kiufundi ambayo karo yake iliweza kumudika. Alihitimu mwaka 1944 akiwa na miaka 16.

Umri huo ulikuwa mdogo mno kumwezesha kuingia chuo kikuu. Akatafuta kazi, akaipata katika idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast akiwa msaidizi wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuandaa vyombo vya majaribio kwa ajili ya wanafunzi. Wakuu wa maabara, Karl Emeléus na Robert Sloane, waliona kipaji chake, wakamwazima vitabu na kumruhusu kuhudhuria mihadhara ya mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo hicho hicho, safari hii akiwa mwanafunzi. Alipata shahada ya fizikia ya majaribio mwaka 1948 na ya fizikia ya kihisabati mwaka 1949.

Katika miaka hiyo ya masomo ndipo swali lake lilipozaliwa. Fizikia ya kwanta ilikuwa imefaulu kutabiri matokeo ya majaribio kwa usahihi wa kushangaza. Lakini Bell alipouliza ni nini kinachotokea ndani ya atomu kabla haijapimwa, aliambiwa kuwa kilichopo ni matokeo ya kipimo tu, na kwamba swali la zaidi ya hapo halina maana. Aliona kwamba mstari kati ya kinachopima na kinachopimwa haukuchorwa popote. Kila mwandishi aliuweka pale palipomfaa. Alibishana vikali na Sloane juu ya jambo hilo na hakuridhika.

Ithibati Iliyofungwa katika Lugha

Muda mfupi baadaye Bell alikisoma kitabu cha Max Born, mwanafizikia wa Kijerumani aliyehamia Uingereza. Humo alikuta habari kwamba John von Neumann, mwanahisabati mashuhuri, alikuwa amethibitisha mwaka 1932 kuwa nyuma ya fizikia ya kwanta hapawezi kuwapo maelezo ya ndani zaidi yanayoamua matokeo ya kila kipimo. Kwa maneno mengine, aliyetafuta maelezo hayo alikuwa akitwanga maji kwenye kinu. Bell alitamani kuikagua ithibati hiyo. Tatizo ni kwamba kitabu cha von Neumann kilikuwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua, na tafsiri ya Kiingereza haikutoka hadi mwaka 1955.

Mwaka 1952 mambo yalibadilika. David Bohm, Mmarekani aliyekuwa amehamia Brazili, alichapisha nadharia iliyofanya jambo lile lile lililosemwa kuwa haliwezekani. Kwa Bell, lililoitwa muhali lilikuwa limefanyika mbele ya macho yake, kwa hiyo lazima ithibati ile ilikuwa na ufa mahali fulani. Alimwendea mwenzake aliyejua Kijerumani, Franz Mandl, akamweleza yaliyomo, na Bell akaanza kushuku ufa huo ulipo.

Inasikitisha kwamba ufa wenyewe ulikuwa umekwisha kuonekana. Grete Hermann, mwanamke msomi wa hisabati na falsafa, aliuonyesha mwaka 1935. Lakini aliandika kwa Kijerumani, katika chapisho lisilosomwa na wanafizikia wengi, na hoja yake ikalala kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo kizazi kizima kiliishi chini ya katazo ambalo lilikwisha kuvunjwa, kwa kuwa waliolivunja na waliolihitaji livunjwe hawakusoma kurasa zilezile.

Kazi na Ndoa

Swali hilo halikuwa ndilo lililompa Bell mkate wake. Kuanzia mwaka 1949 aliajiriwa katika utafiti wa nishati ya atomiki nchini Uingereza, kwanza Harwell kisha Malvern, akifanya hesabu za mitambo ya kuziongezea chembe kasi. Huko alikutana na Mary Ross, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa kazi hiyo hiyo, wakaoana mwaka 1954. Walishirikiana kazini maisha yao yote.

Alipopewa likizo ya masomo alikwenda Birmingham kwa Rudolf Peierls. Hapo aligundua kanuni muhimu kuhusu ulinganifu wa chembe na wakati, lakini wengine walimtangulia kuichapisha, na heshima ikawaendea wao. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1956. Mwaka 1960 yeye na Mary walihamia Geneva, Uswisi, katika CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia, na huko ndiko alikofanya kazi hadi mwisho wa uhai wake. Mchana alishughulikia fizikia ya chembe, na mwaka 1969 yeye na Roman Jackiw waliandika makala ambayo bado ni nguzo ya taaluma hiyo. Swali la ujana wake alilihifadhi kwa saa za ziada.

Mwaka wa 1964

Nafasi ya kulirudia ilipatikana alipokwenda Marekani kwa mapumziko ya utafiti, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1963. Aliandika makala mawili. La kwanza lilionyesha kasoro ya ithibati ya von Neumann: ilijengwa juu ya dhana moja iliyoonekana ya kawaida, ambayo hakuna sababu ya kuilazimisha nadharia yoyote ya ndani kuifuata. Mawasiliano na mhariri yalipotea njiani, na makala hayo yakachelewa hadi mwaka 1966.

La pili lilitoka mwaka 1964, mwaka ambao Kenya ilikuwa ikigeuka kuwa jamhuri. Swali lake lilikuwa hili: nadharia ya Bohm ilifanya kazi, lakini ndani yake chembe moja iliathirika papo hapo na yaliyofanyiwa chembe nyingine iliyo mbali. Je, hilo lilikuwa kosa la Bohm peke yake, au ni la lazima?

Hoja ya Bell inaweza kufuatwa kwa mfano, katika umbo lililorahisishwa na waliomfuata. Chukua watu wawili, mmoja aketi Kisumu na mwingine Mbita, wasio na simu wala mjumbe. Kila mmoja ataulizwa swali moja kati ya mawili, la kwanza au la pili, kwa kura, naye atajibu ndiyo au la. Sharti ni kuwa majibu yao yafanane, isipokuwa pale wote wawili wanapoulizwa swali la pili. Hapo lazima yatofautiane. Kabla ya kuachana wanaruhusiwa kupanga njama yoyote na kubeba bahasha zenye majibu.

Msomaji akijaribu kupanga njama hiyo ataona mara moja mahali inapokwama. Jibu la kwanza la Kisumu lifanane na la kwanza la Mbita, na pia na la pili la Mbita. Jibu la pili la Kisumu lifanane na la kwanza la Mbita. Basi majibu yote manne yamekuwa sawa, na sharti la nne, linalotaka tofauti, limevunjika. Katika hali nne, njama bora hufaulu tatu tu, yaani mara 75 kwa 100. Hakuna bahasha duniani inayoweza kupita kikomo hicho.

Lakini wachezaji hao wakibeba chembe zenye mfungamano badala ya bahasha, na kila mmoja akaipima yake kwa namna inayotegemea swali aliloulizwa, fizikia ya kwanta inatabiri kuwa watafaulu takribani mara 85 kwa 100. Hawapelekeani ujumbe, kwani kila mmoja peke yake huona majibu yanayokuja kiholela kama sarafu iliyorushwa juu. Ni pale tu orodha mbili zinapowekwa pamoja ndipo ulingano wao unapojitokeza. Hiyo ndiyo thiorema ya Bell: hakuna nadharia ambayo ndani yake kila chembe hubeba majibu yake tayari, na isiyoruhusu athari za mbali, inayoweza kutoa matokeo yote ya fizikia ya kwanta.

Makala hayo yalichapishwa katika jarida jipya lililoitwa Physics Physique Fizika, jina moja kwa lugha tatu. Majarida makubwa ya Marekani yalidai malipo kwa kila ukurasa, na Bell, akiwa mgeni, aliona haya kuwaomba wenyeji wake wamlipie. Jarida hilo lilikufa baada ya miaka michache, na kwa muda thiorema ikaonekana kufa nalo.

Kutoka Karatasi hadi Maabara

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mmoja Mmarekani, John Clauser, aliyakuta makala hayo na kuona kuwa jambo lililodhaniwa ni falsafa linaweza kupimwa. Mwaka 1969 yeye na wenzake watatu waliuandika upya mpaka wa Bell katika umbo la kufaa maabara, na mwaka 1972 yeye na Stuart Freedman walifanya jaribio huko Berkeley kwa jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga. Mpaka ulivukwa.

Katikati ya miaka ya 1970 Mfaransa Alain Aspect alifunga safari kumwona Bell mjini Geneva, akamweleza nia yake ya kufanya jaribio kali zaidi ambalo vipimo vingebadilishwa wakati fotoni ziko njiani. Swali la kwanza la Bell halikuhusu fizikia. Alitaka kujua kama Aspect alikuwa na kazi ya kudumu. Alijua kuwa anayegusa maswali ya misingi huhesabiwa kuwa amepotoka, na hakutaka kijana aharibikiwe. Aspect alikuwa nayo, akaendelea, na matokeo yake ya miaka ya 1981 na 1982 yaliunga mkono fizikia ya kwanta tena.

Vita Dhidi ya Maneno

Bell alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyekundu na ucheshi wa chini kwa chini, aliyeacha kula nyama tangu ujana. Kalamu yake, hata hivyo, ilikuwa kali. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1981 alitumia soksi za mwenzake Reinhold Bertlmann, ambaye kila siku alivaa soksi za rangi mbili tofauti. Ukiona soksi moja ni ya waridi, unajua papo hapo kuwa ya pili si ya waridi, na hakuna muujiza wowote. Hizo ndizo bahasha za Kisumu na Mbita. Bell aliuchagua mfano huo wa kawaida ili aonyeshe kwamba mfungamano wa kwanta si wa namna ya soksi.

Mwaka 1990 alichapisha makala ya kushtaki neno moja: kipimo. Aliorodhesha maneno ambayo, kwa maoni yake, hayakustahili kuwamo katika maelezo ya msingi ya fizikia, yakiwamo mfumo, chombo, mazingira na taarifa, lakini hilo la kipimo ndilo aliloliona baya kuliko yote. Hoja yake ni ya kisemantiki. Neno hilo huja na maana yake ya kila siku, ya kukuta kitu kilichokuwapo tangu awali, ilhali nadharia inakana kuwa kilikuwapo. Aliuliza kwa kejeli kama ulimwengu ulisubiri maelfu ya mamilioni ya miaka hadi apatikane mpimaji mwenye shahada ya uzamifu. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kazi anayoifanya: anakataa neno lipewe nafasi ya hoja.

Hayo yalikuwa miongoni mwa maandishi yake ya mwisho. Tarehe 1 Oktoba 1990, kabla ya kufikia umri wa kustaafu, Bell alifariki ghafla mjini Geneva kwa kuvuja damu ubongoni. Alikuwa na miaka 62.

Kutambua na Kukeneka

Yaliyofuata kifo chake ndiyo yaliyokuza jina lake. Mwaka 1991 Artur Ekert alionyesha kuwa thiorema ya Bell inaweza kulinda mawasiliano ya siri, kwa kuwa mdukuzi akiingilia chembe huudhoofisha mfungamano na kujifichua. Ghafla mfungamano ukawa mali, na mali lazima itambuliwe na kusafishwa.

Kwanza ni kuitambua. Anayeuvuka mpaka wa Bell hakika ana mfungamano. Lakini Mjerumani Reinhard Werner alikuwa ameonyesha mwaka 1989 kwamba zipo jozi zenye mfungamano ambazo haziuvuki kwa vipimo vya kawaida. Mvuvi wa ziwani anaelewa: wavu wenye macho makubwa ya mbuta ukipanda mtupu, haimaanishi kuwa majini hamna omena. Ulihitajika wavu wa macho madogo, na mwaka 1996 Asher Peres aliupata katika hisabati. Chukua jedwali la namba linaloeleza jozi, kisha badilisha safu ziwe mistari kwa upande wa chembe moja tu. Ikiwa jedwali jipya linatoa uwezekano ulio chini ya sifuri, jambo lisilo na maana, basi mfungamano upo. Mwaka huo huo Ryszard Horodecki wa Gdańsk, Poland, na wanawe Michał na Paweł walithibitisha kuwa kwa jozi ndogo kabisa wavu huo haukosi kitu. Kwa jozi kubwa zaidi baadhi hupenya, na hapo huhitajika ramani chanya za aina nyingine, tawi la hisabati ambalo limetafitiwa pia katika ukanda huu wa ziwa, Maseno na Bondo.

Pili ni kuisafisha. Mfungamano hudhoofika safarini. Mwaka 1996 Charles Bennett na wenzake walionyesha kuwa watu wawili wenye jozi nyingi dhaifu wanaweza, kila mmoja akifanya kazi upande wake na kupashana habari kwa simu ya kawaida, kutoa jozi chache zenye nguvu. Kitendo hicho kinastahili kuitwa kukeneka. Mtu aliyeona jinsi kangara inavyochemshwa na mvuke wake kupozwa anajua kanuni yenyewe: pipa zima hutoa matone machache, lakini makali. Mwaka 1998 akina Horodecki walitoa habari ya kushangaza zaidi, kwamba upo mfungamano usiokeneka kamwe, hata jozi ziwe nyingi kiasi gani.

Majaribio ya mwaka 2015 yaliziba mianya mikuu iliyobaki katika kipimo cha Bell, na mwaka 2022 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa Aspect, Clauser na Anton Zeilinger. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

Hitimisho

Mwaka aliofariki Bell ndio mwaka ambao Maseno, penye mstari wa ikweta, palianzishwa chuo kikuu kishiriki. Hakuna uhusiano wa sababu kati ya mambo hayo mawili, lakini swali lake linawahusu wanaosoma huko, hasa wa Kiswahili. Kijana wa Belfast aliyejua hisabati ya kutosha alizuiwa na lugha kuikagua hoja iliyomkataza kufikiri, na jibu lililokwisha kuandikwa na Hermann halikumfikia yeyote aliyelihitaji. Wanaosema kuwa tafsiri ya sayansi kwa Kiswahili ni anasa, kwa kuwa wataalamu wote husoma Kiingereza, hawana budi kuyajibu maisha haya. Msaidizi wa maabara anayefua chupa leo Kisumu huenda naye ana swali, na haijulikani ni ukurasa upi alionyimwa.

Belfast imemkumbuka mwanawe kwa namna yake. Kwa kuwa kawaida ya baraza la mji huo ilikuwa kutozipa barabara majina ya watu, barabara moja katika eneo la bandari ya zamani, ilikojengwa meli ya Titanic, haikupewa jina la Bell bali la thiorema yake. Wapita njia husoma kibao cha hoja ya hisabati iliyochapishwa kwanza katika jarida lililokwisha kufa.